Siku Moja Milimani kwa RV: Mwongozo wa Mume na Mke, Denver hadi Glenwood Springs

Anayekodi RV, yaani gari-nyumba lenye kitanda, jiko na choo ndani, kwa mara ya kwanza Colorado huuliza kama gari litaweza kupanda. Litapanda. Litanguruma na litapungua mwendo mpaka malori yakupite, lakini juu litafika. Swali la maana ni namna utakavyolishusha, na siku nzima ya safari ya milimani hupangwa kuanzia hapo: saa ya kuondoka, maji ya kubeba, nani ashike usukani kipande gani, na mle wapi chakula cha mchana.

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaotoka Denver asubuhi kwa barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, wakalale Glenwood Springs. Ni maili 160 hivi, yaani kilomita 255. Gari dogo huzimaliza kwa saa tatu kama hakuna foleni. Kwa RV, ipe siku nzima. Nimechagua njia hii kwa sababu Waswahili wa Denver na Aurora tunaiona kila siku kwenye vibao na bado wengi hatujaifika mbali, na kwa sababu ndani yake kuna kila kitu cha kujifunzia: mwinuko mrefu, handaki, miteremko miwili mikali, korongo, na kambi yenye umeme na maji mwishoni.

Msimu mzuri ni kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Kuanzia Septemba mosi hadi Mei 31, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria ya tairi za theluji au minyororo, na theluji ya Septemba huko juu si jambo la ajabu. Kama ni safari yenu ya kwanza, nendeni katikati ya wiki. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi watu wote wa Denver wanapanda mlima; Jumapili mchana wote wanarudi.

Hatua ya 1: Chukueni gari dogo kuliko mnalolitamani

Kwa watu wawili, RV ya futi 22 hadi 25 inatosha. Chagueni aina ya C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, iliyojengwa juu ya gari la mizigo la Ford au mfano wake. Ile ya futi 30 inavutia kwenye picha, lakini ina mkia mrefu nyuma ya tairi za nyuma, na ukikata kona kulia mkia huo unafagia upande wa kushoto. Nguzo za sheli ndizo zinazoumia kwanza.

Leseni ya kawaida ya Colorado inaruhusu gari la ukubwa huu. Hakikisheni majina yenu wote wawili yamo kwenye mkataba na kwenye bima, kwa sababu mtabadilishana usukani. Ulizeni pia bei ya kila maili ya ziada. Wengine hutangaza bei nafuu ya siku halafu faida yao yote iko kwenye maili.

Muulizeni mwenye gari kimo chake, mkiandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva. RV nyingi za aina hii zina futi 11 hadi 12. Handaki la mlimani linaruhusu hadi futi 13 na inchi 11, hivyo hapo mtapita bila wasiwasi. Kinachochana paa ni matawi ya miti kambini na vile vibanda vya kununulia chakula ukiwa ndani ya gari.

Hatua ya 2: Jioni ya kabla, pikeni na mfunge kila kitu

Pikeni nyumbani. Mtakapokula mchana ni mita 2,750 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Chai itatoka, ila si ya moto kama ya nyumbani. Maharage yanaweza kutokota mchana kutwa na bado yakakukodolea macho. Pilau, chapati, maharage yaliyokwisha kuiva na samaki wa kukaanga ndivyo chakula cha safari hii. Huko juu kazi ni kupasha moto tu.

Vyombo vizito viwekwe chini, juu wekeni nguo na mikate. Kila droo ina kibanio chake. Kibonyezeni mpaka kilie. Mafuta ya kula na shampuu vifungieni ndani ya mifuko ya plastiki, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya chupa hutanuka kadiri mnavyopanda na kusukuma kilichomo kitoke. Pakiti za krispi mtaziona zenyewe zinavyovimba kama zimetiwa upepo kwa pampu. Usifungue chupa ya soda ukiwa umeielekeza kwa mwenzako.

Tanki la maji safi jazeni robo tu, ya kunawa na ya choo njiani. Lita moja ni kilo moja, na hamna sababu ya kupandisha kilo 150 za maji mlimani wakati kambini kuna bomba. Matanki mawili ya maji machafu, la sinki na la choo, yawe matupu kabisa. Katika tanki la choo tieni ndoo ya maji na dawa yake ili uchafu usigande chini.

Kuna la afya ambalo ni lazima liamuliwe jioni hii, si barabarani. Mtafika mita 3,400. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au mjamzito azungumze na daktari kabla. Mwenye selimundu vilevile, na hata aliyeambiwa kuwa ana vinasaba vya selimundu bila kuugua: hewa yenye oksijeni kidogo imewahi kuwaletea watu wa namna hiyo matatizo ya wengu. Kwetu ni jambo la familia nyingi, na makampuni ya kukodisha magari hayataliuliza.

Hatua ya 3: Saa 12 asubuhi, zunguka gari kabla ya kuwasha

Dereva apite upande mmoja na mwenzake upande mwingine, kisha mbadilishane. Tazameni tairi, upepo, taa, na kama kuna kinachovuja chini. Pima upepo tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mkiwa juu mlimani kipimo kitasoma zaidi kidogo kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu na tairi zimepata joto. Msipunguze upepo huko.

Fungeni valvu ya mtungi wa gesi. Friji lililopozwa usiku kucha hubaki na ubaridi wake kwa saa kadhaa mradi lisifunguliwe ovyo, na gesi isiyotembea ni gesi isiyoleta balaa mkigongwa.

Petroli: sheli za Colorado huuza ya bei ya chini kabisa yenye oktani 85. Ford wanataka 87, basi bonyeza kitufe cha katikati. RV ya aina hii hutumia galoni moja kwa maili 8 hadi 10, kwa hiyo safari ya kwenda itakunywa galoni 16 hadi 20. Jaza tanki Denver, huko mbele bei inapanda pamoja na barabara.

Mwisho, fungua COtrip, huduma ya hali ya barabara ya jimbo, uone kama kuna kufungwa popote. Angalia hasa sehemu tatu: Floyd Hill, ambako ujenzi mkubwa ulianza 2023; handaki la Eisenhower; na korongo la Glenwood. Muwe mmeondoka saa 1. Julai na Agosti ngurumo na mvua ya mawe huja mchana, na mnataka kuwa mmeshavuka vilele kabla mawingu hayajajaa.

Hatua ya 4: Gaweni kazi, mmoja dereva na mwingine utingo

Utingo si abiria. Kazi yake ni ramani, vibao, simu, maji ya kunywa, na kumtazamia dereva kioo cha upande wake. Anasoma mbele: "Mteremko maili mbili zijazo." "Shika njia ya kulia." Kuna njia ya haraka ya kulipia kati ya Empire na Idaho Springs, magari yanayozidi futi 25 hayaruhusiwi humo, na ni utingo wa kulikumbuka hilo.

Kazi yake nyingine ni kunyamaza. Dereva wa RV kwenye kona za Idaho Springs ana upepo wa malori ubavuni, gari linayumba kidogo, mikono imebana. Huo si wakati wa kuuliza michango ya harusi ya mtoto wa shangazi imefikia wapi.

Na hakuna anayesimama gari likitembea. Choo kiko mita mbili nyuma yenu na kitawaita, lakini mkanda haufunguliwi. Tafuteni pa kusimama.

Hatua ya 5: Kupanda hadi handaki

Simameni Georgetown, mita 2,600. Mtapumzisha injini na miili, mtakunywa maji mengi, na mkibahatika mtawaona kondoo-pori wenye pembe za kujikunja kwenye miamba ya juu ya barabara. Nusu saa inatosha.

Kutoka hapo barabara inakaza. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo mlangoni pa handaki theluthi ya nguvu uliyouziwa haipo. Usipigane nayo. Kaa njia ya kulia, acha gia ishuke yenyewe, acha injini ilie. Mwendo ukishuka hadi maili 40 kwa saa na chini yake, washa taa za dharura kama malori yafanyavyo. Tazama mshale wa joto la injini. Ukianza kupanda, zima kiyoyozi. Ukiendelea kupanda, washa hita ya ndani na mfungue madirisha. Mtatoka jasho, lakini hita inaiondolea injini sehemu ya joto lake.

Handaki lina urefu wa kilomita 2.7. Upande mnaopitia ni Eisenhower, uliofunguliwa 1973. Ule wa kurudia ni Johnson, wa 1979. Juu yenu ni mgongo wa bara zima: mvua inayonyesha mashariki ya hapo huishia Atlantiki, ya magharibi huelekea Pasifiki kwa mto Colorado. Utingo asome hayo kwa sauti kama anataka, mradi amalize kabla ya mwanga wa kutokea, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 6: Kushuka

Kutoka mlango wa magharibi wa handaki hadi Silverthorne ni maili 8, kilomita 13 hivi, na mnashuka takriban mita 700. Mwinamo unafika asilimia 7. Kuna njia mbili za changarawe za kuokolea magari yaliyofeli breki kwenye kipande hicho, na haziko pale kwa mapambo. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya semi la mizigo anajua harufu ninayoizungumzia.

Elewa kwanza kinachotokea. Gari lenu na mizigo yake ni tani 5 hadi 6. Linaposhuka, uzito huo lazima uzuiliwe na kitu, na vitu viko viwili tu: breki na injini. Breki huzuia kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo joto halina pa kwenda, pedi zinapoteza mshiko, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na kanyagio linazama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Injini haina shida hiyo. Ikiwa kwenye gia ya chini, inalizuia gari mchana kutwa, na joto lake linatolewa na rejeta.

Kwa hiyo:

Kabla ya kutoka handakini uwe kwenye maili 45 au chini. Kwenye Ford bonyeza kitufe cha kuvutia mizigo, kiko kwenye ncha ya mkono wa gia. Taa yake itawaka kwenye dashibodi. Kitufe hicho huifanya gia ishuke yenyewe unapogusa breki kwenye mteremko. Kama haishuki vya kutosha, shusha kwa mkono.

Gia iwe imeshashuka kabla ya mteremko kukolea. Ukisubiri gari lishike kasi, gia inaweza kukataa kuingia. Na usiweke nyutro, hata kwa sekunde, hata kama kuna mjomba aliyekufundisha kwamba inaokoa mafuta.

Injini italia kwa sauti ambayo itamfanya utingo akutazame. Mizunguko 4,000 kwa dakika ni sawa. Imetengenezwa kwa hilo.

Jiwekee kikomo, tuseme maili 45. Gari likifika hapo, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo ufike 40, halafu achia kabisa. Acha lipande tena hadi 45. Kanyaga, achia. Katikati ya mikanyago breki zinapoa. Kinachoua breki ni mguu mwepesi unaokaa juu ya kanyagio kutoka juu hadi chini. Dereva anajiona mwangalifu kumbe anachoma. Na kama unajikuta unakanyaga kila baada ya sekunde chache, gia bado ni ya juu mno. Shusha nyingine.

Wanaokupigia honi nyuma, waache wapite.

Ukisikia harufu kali ya kuungua, au kanyagio limelegea, tafuta pa kutokea mapema, simama, weka gia ya P na uziache breki zipoe zenyewe kwa nusu saa. Usimwagie maji, chuma chenye moto hupasuka. Na likija lile baya kabisa, kanyagio limekwisha na gari linaongeza kasi, ile njia ya changarawe upande wa kulia ni yako pia, si ya malori peke yake. Ingia ukiwa umenyoosha usukani. Changarawe italimeza gari na kulisimamisha. Mtalipa gharama ya kuvutwa na hakuna ubishi kwamba ni nyingi, lakini watakaobishana juu ya risiti hiyo ni watu wazima wawili wenye afya zao.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana, na kubadilishana

Dillon na Frisco ziko kando ya bwawa la Dillon, mita 2,750. Bwawa lilikamilika 1963 na mji wa zamani wa Dillon ulihamishwa kulipisha. Maji yake hupita kwenye handaki la kilomita 37 chini ya milima kwenda Denver, kwa hiyo haya mnayoyatazama ni maji ya nyumbani, hayajaanza safari tu.

Egesheni mwisho wa maegesho ya duka kubwa, gari likiwa limenyooka na mbele yake wazi, msije kulazimika kurudi nyuma mkitoka. Kuleni, mlale robo saa. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida: maji, chakula, utulivu. Kikiuma sana, na kichefuchefu, na mtu anayumba akitembea, dawa ni kushuka, na bahati nzuri njia yenu inashuka kote baada ya mlima mmoja uliobaki. Pombe iachwe hadi jioni.

Hapa mbadilishane usukani. Aliyeshusha kutoka handakini amechoka kuliko anavyojijua.

Hatua ya 8: Vail Pass na korongo

Vail Pass ni mita 3,250, kupanda polepole kupitia Copper Mountain. Juu kuna mapumziko na vyoo. Kushuka kwake hadi East Vail ni maili 10 zenye mwinamo wa asilimia 7 na njia za kuokolea magari. Rudieni yote ya hatua ya 6. Safari hii dereva ni mwingine, na yule wa kwanza ajizuie kufundisha.

Baada ya Vail barabara inalegea, milima inageuka rangi ya kahawia na nyekundu, na hakuna la kueleza mpaka Dotsero. Halafu kuta zinafunga.

Korongo la Glenwood lina urefu wa maili 12 hivi. Kipande hiki cha I-70 kilikamilika 1992, miongoni mwa vya mwisho kabisa, kwa sababu hapakuwa na nafasi: mto Colorado chini, reli ng'ambo, na miamba iliyosimama. Wahandisi wakaitundika barabara juu ya madaraja, upande wa kwenda magharibi ukiwa juu ya ule wa kurudi. Mwendo ni maili 50. Dereva atazame barabara tu; mkitaka kuangalia, ingieni mapumziko ya Grizzly Creek, mshuke hadi mtoni. Mkibahatika mtaona treni ya California Zephyr ikipita ng'ambo.

Onyo moja. Mwaka 2020 moto uliunguza miteremko ya korongo hili, na kiangazi cha 2021 maporomoko ya matope yakaifunga barabara kwa zaidi ya wiki mbili. Mvua kubwa inaweza kuifunga tena. Ikifungwa, simu yenu inaweza kuwaelekeza Cottonwood Pass kutoka Gypsum. Msiende. Ni njia nyembamba, sehemu yake ni ya vumbi, na si ya gari lenu. Independence Pass nayo imepigwa marufuku kwa magari yanayozidi futi 35, na hata lenye futi 25 litajuta. Kama korongo limefungwa, laleni Eagle au Gypsum na msubiri asubuhi.

Hatua ya 9: Kuingiza gari kambini bila kununiana

Fikeni saa 10 jioni, jua likiwa bado juu. Nafasi iwe imelipiwa mapema, na mkiweka oda ombeni ile ya kuingia mbele na kutokea mbele. Zinaisha haraka, kwa hiyo huenda mkarudi nyuma, na ndoa nyingi zimepimwa hapo mbele ya majirani waliokaa kwenye viti vyao na kahawa.

Kwanza wote wawili shukeni. Itembeeni nafasi. Nguzo ya umeme iko wapi? Jiwe? Tawi la chini? Meza ya zege? Kubalianeni gari lisimame wapi hasa, na utingo aweke jiwe au ndala pale tairi ya nyuma ya dereva inapotakiwa kufika.

Kisha utingo asimame nyuma upande wa dereva, mahali ambapo uso wake unaonekana kwenye kioo. Asiyeonekana kiooni hayupo, na dereva asisogeze gari hata inchi. Pigianeni simu, muweke spika, kelele za kupiga mayowe hazina faida. Maneno yawe machache na yaleyale:

"Njoo, njoo. Kata kulia. Kata yote. Haya, nyoosha. Njoo hivyohivyo. Taratibu. Simama."

"Kata kulia" iwe na maana moja tu: mkia wa gari uende kulia kwa dereva. Likubalini kabla ya kuanza. "Simama" lisitumike kwa jambo jingine lolote, na likitamkwa gari linasimama hapohapo, maswali baadaye. Mume wangu humalizia kwa "hapo hapo hapo!" kama yuko stendi ya Ubungo, na mimi nimeshajua kwamba "hapo" ya kwanza bado kuna futi mbili.

Likikataa kuingia, toka mbele, nyoosha, anza upya. Kurekebisha ukiwa umeshajikunja ndiko kunakoleta mikwaruzo.

Hatua ya 10: Kuunganisha

Gari lilale sawa kwanza, kwa vipande vya mbao au plastiki chini ya tairi. Friji la gesi halipendi kuinama. Umeme: zima swichi ya nguzoni, chomeka waya, ndipo uwashe. RV ya ampea 30 inabeba wati 3,600, kwa hiyo kiyoyozi na maikrowevu havikai pamoja. Maji: tumieni mpira wa maji ya kunywa, si ule wa kuoshea, na kipunguza presha kwenye bomba.

Valvu za maji machafu ziacheni zimefungwa hadi asubuhi. Ukiacha ya choo wazi, maji yanaondoka na kinachobaki mtakijua kwa pua. Wakati wa kumwaga, vaa glavu, anza na tanki la choo, kisha la sinki lisafishe bomba.

Nyama choma ndiyo kila mtu anayoiota. Ulizeni ofisi ya kambi kabla ya kuwasha mkaa, maana kiangazi kaunti huweka marufuku ya moto. Mkaa hauingii ndani ya gari kwa hali yoyote, hata ukiwa umezimika nusu, na jiko la gesi si hita ya kulalia. Mabaki na taka vifungiwe kwenye pipa maalumu ambalo dubu hawawezi kulifungua. Wapo, na wanajua siku za watalii.

Baada ya hapo kuna bwawa la maji moto la mjini, linalofanya kazi tangu 1888, kwenye chemchemi ambazo Waute, wenyeji wa asili wa milima hii, walizitumia kwa tiba zamani kabla ya hapo. Mgongo uliobanwa na usukani unalihitaji.

Kurudi

Mkirudi, ondokeni asubuhi, na kama ni Jumapili muwe mmepita handaki la Johnson kabla ya saa 5. Miteremko sasa imegeuka, na ule mbaya zaidi uko mwishoni kabisa. Baada ya Genesee mtaiona Denver yote chini, bapa, na mwili unaamini milima imekwisha. Bado kuna maili kadhaa za asilimia 6. Kuna vibao vinavyowaambia madereva wa malori wasidanganyike, na Aprili 2019 lori lililoshuka hapo kwa kasi lilivamia foleni ya magari pale Lakewood, watu 4 wakafariki. Gia ibaki chini mpaka mpite makutano ya C-470. Halafu jazeni petroli, mwageni matanki, na mpige picha gari pande zote nne pamoja na dashibodi kabla ya kukabidhi funguo.